Makufuli Mawili Kwenye Mafunjo

Sikuwa mtu wa maji. Nasema hivyo mapema ili asije mtu akanisifu kwa yasiyo yangu. Nilizaliwa juu huko kwenye baridi ya Kinangop, ambako maji mengi niliyoyajua ni yale ya kwenye debe. Nilipoandikwa kazi kwenye shamba la mzungu mmoja kando ya ziwa Naivasha, niliwekwa kwenye pampu iliyonyweshea lusani, majani ya kulishia ng'ombe wake wa maziwa. Pampu ilikaa ukingoni. Basi bwana aliponunua boti alitazama huku na huku akitafuta mtu anayejua maji, akaniona mimi nimesimama karibu nayo.

"Wewe iko mtu ya boti," akaniambia.

"Ndiyo, bwana," nikajibu. Sijui kuogelea mpaka leo.

Nimekuwa na tabia ya kuandika mambo yangu ya kila siku tangu misheni, nilikofika darasa la nne. Lakini ya miaka ile sikuandika. Ilikuwa miaka ya hali ya hatari, mimi ni Mkikuyu, na karatasi yenye maandishi ya Kikuyu ikikutwa nyumbani kwako ungeulizwa inasema nini, na jibu lolote lingekuwa baya. Kwa hiyo haya ninayatoa kichwani. Huenda nimeweka neno la mtu mmoja mdomoni mwa mwingine. Mke wangu amenisikiliza nikiyasoma, akasema mengi ni kweli, ila yeye anakumbuka mvua ilikuwa kubwa zaidi.

Boti yenyewe ilikuwa ya mbao, imepakwa rangi ya kijani, mali ya mzungu jirani aliyekuwa akihamia kusini. Ilikuja juu ya trela lake: ekseli ya lori kuukuu na mbao mbili zilizovalishwa magunia ili tumbo la boti lisichubuke. Kuishusha majini ilikuwa kazi ya watu watatu na hasira ya mmoja. Bwana alirudisha Landrova kinyumenyume. Akikata usukani kushoto, trela likaenda kulia. Alijua kwamba trela hufanya hivyo, kila mtu anajua, na bado kila Jumapili alishangaa upya na kulitukana. Nyapara wa shamba alisimama nyuma akipunga mikono, "Njoo! Njoo! Njoo!" mpaka bomba la moshi likaanza kububujika ziwani, ndipo akasema, "Basi."

Kuitoa ilikuwa na chombo chake. Bwana alinunua winchi Nakuru, gurudumu la chuma lenye meno na mkono wa kuzungusha, akaifunga kwa bolti kwenye nguzo ya mtarakwa nchi kavu. Mimi ndiye nilizungusha. Kamba ya waya ilijikaza, boti ikapanda trela polepole kama mgonjwa anayesaidiwa kitandani. Ukiuachia ule mkono kabla meno hayajashika, ulirudi nyuma na kupiga kama punda. Uliwahi kunipiga. Kwa haki, bwana alikuwa amenionya, ila alinionya kwa Kiingereza.

Halafu kulikuwa na gati. Baba yake bwana alilijenga zamani, ziwa lilipokuwa limejaa: nguzo nene, mbao za juu zilizopigwa misumari vizuri, matairi yamening'inizwa ubavuni ili boti isigonge. Lilikuwa gati zuri kuliko yote upande wetu. Kasoro yake ilikuwa moja tu, kwamba ziwa liliondoka. Miaka ile Naivasha ilipungua kila kiangazi, na bwana akawa analirefusha gati kwa mbao nyingine kulifuata ziwa, mpaka mbao zikaisha na ziwa halijaisha kwenda. Gati likabaki kwenye nyasi. Mbuzi walilala chini yake adhuhuri, na vitoto vyao vilijisugua kwenye matairi. Bwana hakukubali libomolewe. "Maji narudi," alisema, akitazama mbali, na hakuna aliyembishia, maana lilikuwa ziwa lake kuliko letu.

Mahali pa trela napo pakawa tope jeusi. Magurudumu yalizama hadi ekseli, Landrova nayo ikazama ikijaribu kuyatoa, tukaita maksai, na maksai wakafika tumboni wakasimama wakitutazama. Tangu siku hiyo boti ilibaki majini, imefungwa kwa kamba ya katani kwenye kigingi.

Sasa ikaja amri. Inspekta kijana wa polisi alifika na askari wake, pua imeungua na jua hadi inabambuka. Alisema watu wa msituni wanavushwa ziwani na kupelekewa chakula kwa boti za wazungu. Kuanzia siku hiyo kila boti ifungwe kwa mnyororo na kufuli kwenye kitu kisichoweza kuondoka. Makasia yakae nyumbani kwa mwenyewe. Na makufuli yawe mawili, ufunguo mmoja kwa bwana, mmoja kwa mtu wake wa boti, ili asiwepo hata mmoja anayeweza kuifungua peke yake.

"Na ikipotea?" bwana akauliza.

Inspekta hakumjibu yeye. Alinitazama mimi, akauliza jina langu, akauliza kabila. Tulipotoka hapo nyapara, ambaye alikuwa mtu wa magharibi na hakuwa na lori la kuogopa, alinipiga bega akacheka. "Ndugu yangu, funguo ziko mbili, lakini atakayeulizwa ni mmoja."

Lori hilo nilieleze. Lilikuja mashambani bila kupiga hodi. Mtu aliyetiliwa shaka alipandishwa na familia yake, akapelekwa Rizavu, nchi waliyotengewa Wakikuyu, ambako hakuwa na hata mgomba, au yeye peke yake akapelekwa kambi ya wafungwa. Nyumba ya jirani yetu ilikuwa wazi tangu mwezi uliopita, kuku wake wanalala kwetu. Mke wangu alikuwa na mimba kubwa na viazi vyetu vilikuwa vimetoa maua. Huo ndio uliokuwa uzito wa ule ufunguo mdogo nilioning'iniza shingoni kwa uzi.

Makasia yalilazwa chini ya kitanda cha bwana na mkewe, memsabu. Mnyororo ulinunuliwa Nakuru, mnene, wa kufungia magogo. Swali likabaki moja: kitu kisichoweza kuondoka ni kipi? Gati halikuondoka, lakini lilikuwa na mbuzi, sio maji. Bwana akaamua kwamba penye maji ya kina ni kule nje, kwenye ukingo wa mafunjo.

Wasiojua mafunjo yetu, ni haya: yanaota marefu kupita mtu, yamebanana ukingoni mwa ziwa, mizizi imesukana na matope na majani yaliyooza mpaka unaweza kutembea juu yake. Tulikata njia katikati, tukalaza mbao, tukafika ukingo wa nje. Pale maji yalikuwa safi na meusi. Tukabeba nguzo ya mtarakwa, ndefu, iliyochongwa ncha, na bwana mwenyewe akashika nyundo ya kwanza.

Nguzo ilizama kama kijiti kwenye uji.

"Mzuri sana!" bwana akasema. "Angalia! Nakwenda chini kabisa!"

Na kweli ilikwenda chini. Ilikwenda kwa urahisi hadi tukaogopa itapotea yote, ikabidi tuipigilie kipande cha mbao kwa kukingama ili ikome. Hakuna aliyesema kwamba nguzo ya ua, kule juu kwenye udongo wa kweli, humtoa mtu jasho la siku nzima. Tulifurahi kwa sababu kazi iliisha mapema. Bwana alifurahi kwa sababu aliona kina. Inspekta alipoletwa kukagua alivuta mnyororo kwa mikono miwili, miguu ameikita, na haukutoka.

"Rukeni," akasema, akipima ardhi.

Tukaruka: bwana, nyapara, askari na mimi. Chini kulitetemeka. Nilihisi wazi kabisa, mtetemo uliokwenda mbali na kurudi, kama ngozi ya juu ya maziwa. Lakini mimi ni mtu wa kujishuku, na inspekta alikuwa ananitazama, kwa hiyo niliamini ni magoti yangu. Miaka mingi baadaye nilimuuliza nyapara kama naye alihisi. Alisema, "Nilihisi, nikadhani ni ule mguu wangu mbovu." Bwana sikumuuliza, lakini nakumbuka aliruka mara moja tu.

"Hata kiboko hawezi kuichukua hii," inspekta alisema. Tukafunga makufuli, yeye akayavuta moja moja, akaondoka ameridhika.

Mvua za masika zilianza kwa upepo. Usiku mmoja ulishuka kutoka milima ya Mau nyuma yetu, mabati ya zizi la ng'ombe yakalia mpaka karibu na kucha. Asubuhi nilichukua kopo la kukumbia maji, nikajua boti itakuwa imejaa, nikapita njia yetu ya mbao. Mahali mbao zilipoingia kwenye mafunjo, mafunjo hayakuwepo.

Nilidhani nimepotea njia. Nilirudi hadi kwenye gati, nikaanza upya, nikafika pale pale. Ubao wa mwisho ulikuwa unaelea upande mmoja. Mbele yake ziwa lilikuwa wazi, limetulia, na mlima Longonot wote ukionekana, jambo ambalo pale halikuwahi kuonekana. Niseme ukweli, mandhari ilikuwa nzuri. Boti haikuwepo. Nguzo haikuwepo, wala mnyororo, wala makufuli, wala nchi tuliyoirukia. Nilishika shingo yangu. Ufunguo ulikuwepo.

Nyapara ndiye wa kwanza niliyekutana naye. Alitazama, akapiga mluzi mrefu.

"Kimbia," akasema.

"Nikimbilie wapi?"

"Hiyo sijui. Mimi nakupa sehemu ninayoijua." Kisha akaongeza kwa upole, "Kuku wako usijali, nitawaangalia." Nilimchukia kwa neno hilo siku nzima. Sasa nadhani huenda kweli alitaka kuwaangalia.

Nyumbani mke wangu alisikiliza akiwa anakoroga sufuria. Hakupiga kelele.

"Ukikimbia, umeiba," alisema. "Ukikaa, umeiba. Basi kaa, baba watoto, unywe uji kwanza."

Nilikunywa uji. Yeye akatandika shuka chini, akaanza kuweka vitu: blanketi, nguo za mtoto aliyekuwa hajazaliwa, sufuria ndogo, chumvi. Akafunga pembe nne. Fundo likalegea. Nikalifungua nikalifunga mimi, fundo ambalo bwana alinifundisha la kufungia boti, lile ambalo likivutwa zaidi linakaza zaidi. Halafu nikaenda kumwambia bwana.

Alitoka barazani amevaa nguo za kulala. Niliposema boti haipo, jambo la kwanza alilofanya ni kuingia ndani mbio na kurudi na ufunguo wake, akauinua juu, mimi nami nikainua wangu. Tulisimama hivyo, kila mmoja akimwonyesha mwenzake. Ilionekana kama tunashtakiana, au tunafanya mchezo wa watoto. Kisha aliinama chini ya kitanda, nikamsikia memsabu akigomba, na makasia nayo yalikuwepo.

Inspekta alifika jua likiwa limepanda, na lile lori nyuma yake. Alitembea hadi ubao wa mwisho, akarudi.

"Nani amechukua boti?"

"Afande," nikasema, "imechukuliwa na ardhi."

Askari wake mmoja alicheka hadi akashika kofia. "Ardhi imeiba boti! Wewe, hata kudanganya hujafundishwa? Sema basi ni fisi!"

"Sijui lingine la kusema."

"Sema ni watu wa msituni, tujue tunaandika nini."

Inspekta hakucheka. Nadhani alikuwa anakumbuka kwamba yeye ndiye aliyesema habari ya kiboko. Aliniambia nikae kwenye kivuli cha lori, askari karibu yangu, na akakubali chai ya memsabu. Chai ikiisha, tungeondoka. Nilikaa mahali ambapo nilikiona kikombe chake. Ajabu ya mambo, sijawahi kumwombea mtu chai iwe ya moto kama nilivyomwombea yule kijana.

Bwana alichukua darubini akapekua ziwa. Aliona ndege, aliona kiboko, aliona mafunjo upande ule mwingine, mbali, mahali ambapo nyapara alisema hakumbuki kuyaona. "Mafunjo iko kila pahali," bwana akasema, akaishusha. Memsabu akamimina kikombe cha pili. Nilimshukuru moyoni, ingawa najua hakunimiminia mimi.

Naivasha ina desturi yake. Asubuhi hulala, na adhuhuri upepo huamka upande wa Longonot na kuvuma kuja kwetu. Sote tuliujua upepo huo. Uliwahi kumvua bwana kofia mara nyingi. Lakini hakuna hata mmoja, mimi wa kwanza, aliyefikiri una kazi nyingine zaidi ya kofia. Mke wangu alikuwa amekuja na lile furushi, amekaa chini karibu na gurudumu la lori, na ndiye aliyesema polepole:

"Mbona yale majani yanakuja?"

Askari akageuka. Yalikuwa yanakuja. Shamba zima la mafunjo, limesimama wima, vichwa vikiyumba, ndege kongoti mmoja ametulia juu, linatembea ziwani likielekea barazani. Kikombe cha inspekta kilishuka. Bwana akasimama. Tulitelemka wote hadi ukingoni, mimi na askari wangu pamoja, hakuna aliyekumbuka kunishika.

Lakini yalikuwa mafunjo tu. Upande uliotuelekea ulikuwa ule tuliokata njia. Niliona mbao zetu zimeingia ndani kama ulimi. Boti ilifungwa upande wa nje, na upande wa nje hatukuuona. Ingekuwa imekatika huko katikati ya ziwa, yale majani yangefika kunipungia kwaheri tu. Yaligusa tope, sio pale pale yalipotoka, kushoto kidogo. Yakasimama. Kisha upepo ukayashika bega moja, yakaanza kuzunguka, taratibu, kama mama anayegeuka kukuonyesha mtoto aliyembeba mgongoni.

Boti ilikuwepo. Imejaa maji hadi kwenye viti, imelala ubavu, mnyororo umekaza. Nguzo imesimama wima kabisa, haijapinda hata kidogo. Askari aliyenicheka alitumwa. Alivuka akipiga ishara ya msalaba, akavuta kufuli la kwanza, akavuta la pili.

"Yamefungwa, afande. Yote mawili."

Inspekta akatazama lori lake. Shida yake naielewa. Amri ilisema boti ifungwe kwa mnyororo, ilikuwa imefungwa. Makufuli mawili, yalikuwepo. Makasia yalikuwa chini ya kitanda. Hakuna aliyevunja chochote, isipokuwa ziwa, na ziwa halikuwa na kipande, kile kitambulisho chetu, cha kukaguliwa. Lakini alikuwa amekuja na lori, na lori likirudi tupu kuna mkubwa wake angeuliza.

"Huyu alijua," akasema, akinionyesha.

Hapo ndipo bwana aliposema. Alisema kwa Kiingereza na nilishika sehemu tu, lakini alitoa ufunguo wake mfukoni akauweka mkononi mwa inspekta, akaonyesha lori, akajionyesha yeye mwenyewe. Kwamba kama mtu wa boti anapanda, basi na mwenye ufunguo wa pili apande, maana nguzo ile aliipigilia yeye. Kwa haki, alisema hayo baada ya boti kuonekana. Kwa haki pia, aliyasema, na kuna watu ambao kila kitu chao kilionekana na bado hawakusemewa na mtu.

Inspekta alimrudishia ufunguo. Akatazama mafunjo, akatafuta la kuamuru, kwa sababu asingeweza kuondoka bila kuamuru kitu.

"Fungeni na hii," akasema.

Ndivyo tulivyokifunga kisiwa. Tulileta winchi, kamba ya waya, kamba zote za katani, tukakizungushia na kukiunganisha na nguzo nene za lile gati kavu, mbuzi wakitutazama. Nilizungusha mkono wa chuma hadi meno yakalia. Sikuweza kujua kama kisiwa kinasogea au gati linainama, na niliposema hivyo nyapara akaniambia, "Leo umeongea vya kutosha." Boti tuliitoa maji, tukaivuta kwa maksai waliosimama nchi kavu hadi penye pampu, tukaifunga hapo kwa mnyororo. Lori liliondoka tupu.

Jioni mke wangu aliinjika mahindi na maharagwe. Furushi aliliweka nyuma ya mlango. Nilinyoosha mkono kulifungua, nitoe blanketi.

"Wacha," akasema. "Tutajifunika lile lingine."

Kabla mvua hazijaisha upepo wa Mau ulishuka tena. Asubuhi kisiwa hakikuwepo, na gati halikuwepo. Kamba zetu zilishika barabara. Kilichokatika ni zile nguzo za baba yake bwana, zilizokuwa zimeoza chini penye nyasi. Tuliliona gati mbali linaelea nyuma ya mafunjo, mbao zake na matairi yake, limerudi majini baada ya miaka yote hiyo. Bwana alilitazama kwa darubini. Mbuzi walihangaika hapo siku kadhaa wakitafuta kivuli.

Nyapara alinikimbilia pampuni. "Watakuja?"

Nilifikiri. Amri ilitaja boti, haikutaja gati. Nilimwambia sidhani, ingawa sikuwa na hakika, nikaenda nyumbani mbio. Mke wangu alikuwa ameshasikia. Amesimama mlangoni, mtoto wetu mchanga kifuani, furushi mgongoni, na sufuria ya uji jikoni imefunikwa.

"Ni gati tu," nikamwambia.

Alilishusha akaliweka nyuma ya mlango, kisha akanimiminia uji. Fundo hakulifungua.